Wataalamu wa miguu wako Moshi, watoto wa baleti wako Moshi: wakutanisheni

Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Manispaa ya Moshi, Mganga Mkuu wa Manispaa, Afisa Utamaduni, Afisa Lishe, na viongozi wa vyuo vya afya vilivyoko hospitali ya KCMC

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi cherehani. Banda langu liko jirani na soko la Memorial. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara na, kwa miaka minne sasa, naunga tepe za satini na lastiki kwenye viatu vya baleti. Kazi hiyo ya mwisho sikuitafuta. Binti yangu wa pili alianza kucheza akiwa na miaka saba, kwenye ukumbi wa kukodi hapa mjini, na mwalimu wake alipojua kuwa mama mtu ana cherehani, viatu vya darasa zima vikaanza kuletwa kwangu kwenye kikapu. Ninawaandikia kwa sababu ya jozi moja iliyotoka kwenye kikapu hicho.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana. Mfadhili mwema aliyeko nje alituma mzigo wa viatu vilivyotumika, vikiwemo vya pointi, yaani vile vya kusimamia ncha za vidole. Ukikitazama kiatu cha pointi kwa nje unaona satini ya waridi tu. Ndani kuna karatasi, kitambaa cha gunia na gundi, tabaka juu ya tabaka, vimekaushwa vikawa kama kikombe kigumu cha kubebea vidole. Chini ya unyayo umepita ubao mwembamba wa ngozi au karatasi ngumu, na kazi yake ni kuuzuia mguu usipinde kupita kiasi. Jasho huilainisha ile gundi. Mcheza baleti wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Hivi vilivyotufikia vilikuwa vimeshakufa. Nilipovikunja kwa mkono vilikunjika kama ndala, nami nikavisifu, nikidhani ule ulaini ndio uzuri wake, kama kiatu cha ngozi kilichozoea mguu. Nikashona tepe kwa uzi maradufu, nikamvalisha mtoto wa miaka 11.

Baada ya wiki sita akawa anashuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja, kama bibi. Tukaenda zahanati moja hapa mjini. Akapigwa picha, mfupa ukaonekana mzima, akapewa dawa ya maumivu na kuambiwa aache hizo sarakasi. Tukarudi mara ya pili, tukapewa dawa ileile. Katika safari zote mbili hakuna mtu aliyeushika ule mguu. Simchukii tabibu yule. Nje ya mlango wake kulikuwa na foleni ya watu wenye homa, na sidhani kama kuna aliyewahi kumfundisha jinsi mguu wa mtoto anayecheza baleti unavyofanya kazi. Nasema tu kwamba tulikuwa na mtoto anayeumia, tukaenda mahali pa kwenda, tukarudi na vidonge.

Aliyeushika mguu ni mteja wangu. Ni mtaalamu wa fiziotherapia, au mtu wa mazoezi kama tunavyosema mtaani, na alikuwa amekuja kuchukua sketi yake. Akamwona binti akipita kati ya mitumba huku akichechemea. Hakuuliza cheti wala kadi. Alimkalisha juu ya robota la jirani yangu, akamvua kiatu, akaweka kidole nyuma ya kifundo cha mguu upande wa ndani, na kwa mkono wa pili akashika kidole gumba cha mguu, akawa anakikunja na kukikunjua polepole. Kisha akaniita, “Fundi, weka kidole chako hapa.” Nikaweka. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinakwaruza, kama zipu iliyoingia mchanga.

Akanieleza. Kuna kano ndefu inayoshuka nyuma ya muundi, inapita kwenye mfereji mwembamba nyuma ya kifundo, inakwenda hadi kidole gumba. Kwa anayesimama juu ya vidole, kano hiyo hupita na kurudi kwenye mfereji wake mara nyingi mno, na ni maarufu sana miongoni mwa madaktari wa wacheza dansi kwa sababu huwaumiza wengi. Kiatu kikifa, mtoto hujishikiza kwa kukunja vidole ili asianguke, na ile kano hubeba kazi iliyopaswa kufanywa na kiatu na misuli ya shavu la mguu. Akamsimamisha binti kwa mguu mmoja, akamwambia apande na kushuka kwa kisigino. Alifika mara tisa, akaanza kutetemeka. Akamwambia ainame mbele kama ndege, mguu mmoja nyuma, kisha akunje goti la mguu aliosimamia mara tano. Goti lilikuwa linaangukia ndani kila mara. “Huyu,” akaniambia, “hakupaswa kuvaa vile viatu mwaka huu.”

Tiba yake ilikuwa kipande cha tyubu ya baiskeli cha kuvutia mguu, ngazi ya nyumba yetu, na wiki kumi bila kuruka. Jumamosi moja moja alipita bandani kutazama maendeleo. Malipo aliyopokea ni mshono wa ile sketi.

Waheshimiwa, tangu siku hiyo jambo hili halijaniacha. Kutoka bandani kwangu hadi geti la KCMC ni safari fupi ya daladala. Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971 na inafundisha watu wa fiziotherapia. Ndani ya eneo hilohilo, tangu 1981, kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Watu wanaofahamu mguu unavyokaa ndani ya ngozi na plastiki, watu wanaoweza kukitazama kiatu na kukuambia kimekufa upande gani, wanafunzwa kila siku jirani yetu. Na katika darasa la binti yangu lenye watoto 23, hakuna hata mmoja aliyewahi kuonwa nao kabla ya ile siku ya robota. Walimu wetu wanajitahidi mno, lakini mwalimu ni mmoja, na yeye ndiye anayefundisha, anayefunga vidonda, anayepima viatu kwa macho, anayewasikiliza wanaolia.

Mahali ambapo baleti imekaa miaka mingi, mwalimu haachwi peke yake. New York kuna kituo cha Harkness, kilichoanza 1989 ndani ya hospitali, ambako wacheza dansi hupimwa bure kabla hawajaumia. Uingereza waliunda mwaka 2012 taasisi ya taifa ya tiba na sayansi ya dansi, na mcheza dansi mwenye maumivu anaweza kupelekwa kliniki ya dansi ndani ya hospitali ya umma. Chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, kilichoanzishwa 1990, kinaelekeza kwamba mtoto asiguse viatu vya pointi kabla ya miaka 12, na kwamba umri peke yake hautoshi. Anayesoma mara moja kwa wiki ashauriwe aviache kabisa. Anayesoma mara mbili, mwenye mwili ulio tayari, aanze mwaka wa nne wa mafunzo. Maelekezo hayo hayana gharama yoyote. Yanahitaji mtu mwenye mamlaka ya kuyasoma mbele ya wazazi na kusema: hapa kwetu tutafuata haya.

Mabinti wetu wanampenda sana Misty Copeland wa Marekani, picha yake iko ukutani ukumbini. Alianza baleti akiwa na miaka 13, umri ambao wengi walidhani amechelewa. Mwaka 2012 mfupa wa muundi wake ulipatikana na nyufa za uchovu, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre. Watoto wanaona ile picha ya 2015. Mimi siku hizi nikiitazama nawaza kuhusu miaka mitatu iliyotangulia, na watu waliomshika mguu katika miaka hiyo.

Sasa niseme juu ya sakafu, kwa sababu hili liko mikononi mwa Mkurugenzi moja kwa moja.

Ukumbi tunaokodi una vigae juu ya zege. Mwezi wa Julai, baridi ikishuka kutoka mlimani, ukikanyaga pekupeku unaondoa mguu. Siku moja nilikaa pembeni na daftari langu la vipimo nikahesabu miruko ya mtoto mmoja katika somo la saa moja na nusu. Nilifika 140 nikaacha, maana somo lilikuwa halijaisha na nilikuwa nimeshaumwa moyo. Kila anapotua, mwili wake unashuka na uzito unaozidi ule wa mizani mara kadhaa, na zege halimpunguzii hata chembe. Kisigino, muundi, goti na kiuno vinagawana vyote. Watoto wanaokua wana sehemu laini karibu na ncha za mifupa, mahali mfupa unaporefukia, na hapo ndipo panapolalamika kwanza: kisigino kwa wadogo, chini ya goti kwa walioanza kurefuka.

Sakafu ya dansi inayofaa ni kazi ya seremala. Unalaza mbao nyembamba kwa kupishana, safu juu ya safu kama mkeka uliosukwa, ili kati yake kubaki nafasi za kunepa, kisha unaweka plaiwudi juu, na juu yake zulia la plastiki lisiloteleza. Paini na saiprasi zinavunwa kwenye mashamba ya miti ya West Kilimanjaro. Mafundi tunao, na vitanda na makabati yao yamejaa kando ya barabara zetu. Seremala jirani yangu alinichorea kwa chaki namna sakafu hiyo inavyoweza kutengenezwa kwa vipande vya kupanga na kuondoa, ili ukumbi wa halmashauri ubaki wa harusi na mikutano Jumamosi jioni, na uwe wa watoto asubuhi ya siku hiyohiyo. Naomba ukumbi mmoja tu wa umma. Vikundi vya ngoma vitaruka juu yake pia, na watoto wa sarakasi, na wa karate.

Ndugu Afisa Utamaduni, najua baadhi ya watu watakuuliza kwa nini manispaa ihangaike na dansi ya Wazungu wakati ngoma yetu ya iringi inasahaulika. Nimeulizwa hilo bandani zaidi ya mara moja, na anayeuliza ana haki ya kujibiwa. Binti yangu anacheza iringi shuleni na baleti ukumbini, kwa miguu ileile miwili. Fizio akija kumpima, hampimi Mzungu. Na Joel Kioko wa Nairobi alitoka mtaa wa mabanda akafika shule ya English National Ballet jijini London, kwa kuwa jirani yetu palikuwepo watu waliomfundisha na kumshikilia hadi akafika. Nchi yetu ilijenga chuo cha sanaa Bagamoyo mwaka 1981 kwa kuamini kuwa msanii hufunzwa. Mwili wa msanii ni sehemu ya kufunzwa huko.

Kwa Afisa Lishe nina ombi lenye uchungu zaidi. Watoto wengi wa darasa letu huja saa kumi jioni wakiwa wametoka shule, na kilichomo tumboni ni chai ya asubuhi na labda andazi la mapumziko. Wanaruka saa moja na nusu. Wakirudi nyumbani wanachota maji, wanafanya kazi za shule, wanakula saa mbili usiku. Juu ya hayo kuna maneno. Nimesikia mzazi akimsifu binti wa miaka 14 kwa kupungua, na mimi mwenyewe nikipunguza leotadi, ile nguo ya kubana ya baleti, kwenye kiuno cha mtoto nimewahi kusema “umependeza, umekuwa mwembamba”. Sisemi tena. Mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilitoa jina na maelezo ya hali hii, ya mwili unaotumia nguvu kuliko unachopewa: hedhi hukatika, mifupa hudhoofika, majeraha hayaponi, mtoto anachoka na kukasirika bila sababu. Binti aliyekwisha kuanza kuona siku zake akikaa miezi mitatu bila kuziona, aende kwa daktari. Wazazi wengi hudhani ni kawaida ya mazoezi, na wengine huhofia mimba wakaanza kumpiga mtoto.

Sisi watu wa Kilimanjaro tunajua kulisha. Mwanamke akijifungua tunamletea mtori mpaka anenepe, kila siku, kwa zamu, hakuna anayeuliza gharama. Mtoto anayejenga mifupa huku anairukia anahitaji uangalizi wa namna hiyo: kiburu chenye maharage ya kutosha, dagaa, maziwa, parachichi kutoka mgombani, ndizi moja mkononi kabla ya darasa. Mtu aje ukumbini mara moja kwa muhula, akae na akina mama na akina baba, aseme kwa kauli ya kitaalamu kwamba mcheza baleti anakula. Sisi kwa sisi tukiambiana hatusikilizani.

Yapo mengine nitayagusa kwa kifupi. Mwalimu wa baleti hulazimika kumshika mtoto ili kumrekebisha nyonga na mgongo, hivyo wanaofundisha wachunguzwe kwanza, na watoto wajue kuwa lipo Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na namna ya kulifikia. Pia mji huu una wapiga kinanda wa kwaya wasiohesabika. Tunacheza kwa simu iliyounganishwa na spika, na muziki wa simu haumsubiri mtoto aliyeyumba, wakati mpiga kinanda hupunguza mwendo mwalimu akimkonyeza. Kama kuna posho ndogo inaweza kupatikana kwenye fungu la utamaduni, hapo itakuwa imefika.

Lakini ombi langu kubwa ni lile la kwanza. Mganga Mkuu akae na viongozi wa vyuo, wapange Jumamosi moja kwa mwezi ambapo mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na wanafunzi wake watakuja ukumbini kama sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Waje na mtu wa TATCOT atazame viatu. Wapime watoto wote, waandike, na pasiwepo mtoto atakayepewa viatu vya pointi bila sahihi yao, hata kama mfadhili ameleta gunia zima. Mtoto mwenye maumivu apewe kikaratasi kitakachomfikisha kwa mtu wa mazoezi bila kuzungushwa. Vifaa vinavyohitajika nimeviona kwa macho yangu: mahali pa kukaa, kipande cha tyubu, chaki, na mtu anayejua pa kuweka kidole.

Mimi kwa upande wangu nimeanza. Kila kiatu kinachopita kwangu sasa nakikunja kwa mkono kabla sijashona, na kilichokufa narudisha na maelezo. Nina daftari: jina la mtoto, umri, miaka aliyocheza, mara ngapi kwa wiki, mara ngapi anapanda kwa mguu mmoja. Tepe za watoto nazichovya kwenye chai ya rangi ziendane na ngozi yao, kwa sababu nilisoma kuwa hata London viatu vya pointi vya kahawia viliingia kiwandani kwa Freed mwaka 2018 tu, na kabla ya hapo wacheza weusi walikuwa wakivipaka vipodozi wenyewe kila jozi. Daftari hilo ni lenu mkilihitaji, wazazi wakiridhia.

Darasa la Jumamosi huanza saa tatu asubuhi. Benchi la kupimia tumeshaazima kanisani. Binti yangu ametimiza miaka 12 mwezi uliopita, hachechemei tena, na wiki hii amepanda mara 17 kwa mguu uliokuwa unauma. Dada yule wa fiziotherapia alisema akifika 20 bila kuyumba amrudie ampime upya. Baada yake wapo wengine 22, na dada huyo ni mmoja, naye ana zamu zake wodini.

Wenu,
Fundi cherehani, mama wa mwanafunzi wa baleti
Moshi